Moyo Hupimwa Mlimani

Mwanangu Fausta,

Barua zote nilizowahi kuandika zilianza kwa kuuliza hali: hujambo, nami sijambo, na kadhalika. Hii siwezi kuianza hivyo. Umetoka hapa sasa hivi na raba zako, ukatuaga ukicheka, na mtu yeyote aliyekuona ukivuka geti angesema huyu ni mzima wa afya. Mimi na wewe tunajua kwamba kumtazama mtu aliyesimama getini hakutoshi. Kwa hiyo hali nitakuuliza ukirudi.

Umekwenda Nangara kwa miguu kumuaga bibi yako kabla hujaenda chuo, na nimeahidi kwamba sitakufuata wala kukupigia simu. Mama yako hakuniamini. Ameuchukua ufunguo wa pikipiki akaufunga kwenye pindo la khanga, na sasa anachambua maharage huku akinitazama kama askari magereza. Wateja nimewaambia leo nimefunga, na mikono yangu haijazoea kukaa bure mchana. Ndiyo maana nimechukua karatasi.

Sitakuandikia habari za dawa, wala sweta, wala kula kwa wakati. Hayo mama yako ameyasema mpaka paka wa nyumba hii anayajua. Hata ya wanaume na uzazi ameshakuambia, maana kwa maradhi yako jambo hilo ni zito kuliko kwa wenzako, na siku hiyo mimi nilitoka nje kwa heshima. Nataka kukuambia niliyoyakosea, kwa sababu kesho stendi nitakuwa nimekumbatia begi lako na kujifanya nina haraka, na sitasema neno la maana.

Unaikumbuka Ijumaa Kuu ile, ulipokuwa kidato cha pili. Parokia yetu hupanda kilima kwa Njia ya Msalaba. Katika kila kituo watu husimama, hupiga magoti, huimba, kisha huendelea. Leo nikifikiria naona kwamba vituo vile vilikuficha. Kila ulipokaribia kuishiwa pumzi, padri alisimama, ukapumua pamoja na wengine. Nani angejua? Halafu mvua ikaanza kunyemelea, padri akasema tuharakishe, na vituo vya mwisho tukavipitia mfululizo bila kusimama. Hapo ndipo ulipoanguka. Midomo yako ilikuwa imebadilika rangi. Akina mama wakakupepea, na mimi nikawatangazia watu kwa sauti ya mwanamume anayejua kila kitu, "Msiwe na wasiwasi, amefunga. Ni njaa tu." Kweli ulikuwa umefunga, kama sisi wote. Baada ya muda ukakaa, ukatabasamu, tukashuka kilima nikiwa nimekushika mkono na kukutania kwamba utakuwa mtawa wa kwanza kuzirai kwa ajili ya chai.

Siku ya pili tulikupeleka zahanati. Foleni ilikuwa ndefu, ukapumzika vya kutosha kwenye benchi, na ulipoitwa ulikuwa umetulia kabisa. Wakakupima umekaa. Presha ya mkono sawa, mapigo sawa. Nikafurahi kupita kiasi. Tangu siku hiyo, ulipoishia njiani na ndoo nilikuita mvivu, na ulipoachwa nyuma na wenzako tukitoka shamba nilisema umeanza maringo ya wasichana wa mjini. Wewe ulicheka. Sasa najua ulicheka kwa sababu kujibu kungekumalizia pumzi.

Na nani alikuwa akisema hayo? Fundi baiskeli. Watu wa Bagara na Maisaka yote wananijua kwa jambo moja: simrudishii mtu baiskeli mpaka niipandishe mlima. Baiskeli ukiipindua miguu juu ukazungusha pedeli, inakwenda vizuri, cheni inalia kidogo tu, gurudumu halichezi. Mwenyewe anatoa pesa anataka kuondoka. Mimi namwambia ngoja. Nafunga gunia la mahindi kwenye keria, napanda nayo ule mlima nyuma ya banda, na huko ndiko cheni huruka, ekseli ikalia, kila ugonjwa uliojificha ukajitaja. Wateja wananicheka, wananiita Baba Gunia. Lakini hawarudi wiki inayofuata wakilalamika. Mtu mwenye desturi hiyo alimtazama mtoto wake ameketi kwenye benchi akasema mzima. Nimekwisha kuungama kwa padri, na padri amenisamehe haraka sana, nikaona hakuelewa.

Ilichukua muda mrefu, na pumu ya kusingiziwa, na rufaa juu ya rufaa, mpaka tukafika ile hospitali ya moyo kule Dar. Walikupitishia mrija mwembamba kwenye mshipa hadi moyoni, wakaujua ugonjwa kwa jina: shinikizo kubwa la damu kwenye mishipa ya mapafu. Nilipolileta jina hilo Babati kila mtu alilikata. "Kumbe presha," wakasema, "apunguze chumvi." Nakumbuka ulivyomjibu Mama Happy wa dukani, kwa adabu lakini bila kukwepa: "Shikamoo mama. Siyo ile ya mkono, ni ya mapafuni. Ya mkono yangu iko vizuri kuliko yako." Mama Happy akaenda kupima yake wiki ileile.

Lakini siku ninayotaka kuikumbuka na wewe ni ile ya kitanda chenye pedeli. Walikulaza kwenye kitanda kilichoinuliwa upande mmoja, ukiegemea ubavu wa kushoto, na miguuni kulikuwa na baiskeli isiyo na gurudumu, wala breki, wala keria. Nikasema moyoni, hii hata mteja akiniletea bure siipokei. Walikubandika nyaya kifuani, wakakubana kidole kwa kifaa cha kupima oksijeni, wakakufunga mkanda wa presha mkononi. Daktari, yule mama mfupi mwenye miwani, akapaka mafuta baridi kwenye kile kifaa cha ultrasaundi, akakiweka juu ya mbavu zako, na moyo wako ukatokea kwenye skrini. Nilikuwa sijawahi kuuona. Nilikaa kwenye kiti changu nikauangalia ukifumba na kufumbua, nikasahau nilichokuja kufanya.

Nikamuuliza, "Daktari, kwa nini msimpime ametulia?"

"Tumeshampima ametulia," akasema. "Baba, upande wa kulia wa moyo ndio unaosukuma damu kwenda mapafuni. Mishipa ya huko kwa binti yako imekuwa myembamba na migumu. Akikaa, moyo unamudu. Akifanya kazi, damu inayotakiwa ni nyingi, mishipa haipanuki, na mzigo wote unaangukia upande ule. Sasa nataka niuone ukiwa kazini, nijue unabeba mpaka wapi."

Fausta, nilitaka kuinuka nimkumbatie, au nijifiche chini ya kiti, sikujua lipi lianze. Alikuwa anafunga gunia kwenye keria.

Ukaanza kukanyaga. Kwanza kidogo, kisha akaongeza ugumu, kisha akaongeza tena. Niliona jasho kwenye kipaji chako na ule mshipa wa shingoni, na kwenye skrini chumba cha kulia kikaanza kutanuka na kuusukuma ukuta wa katikati. Hilo sikulielewa siku hiyo. Nililoliona ni binti yangu anapanda mlima, na mimi nikafanya ambalo baba yeyote wa huku angefanya. Nikasimama nikapiga makofi. "Kaza, mwanangu! Kaza! Bado kidogo!"

Daktari hakuinua macho. Alisema taratibu, "Baba Fausta, kaa chini. Hapa hatumshangilii mtu. Sihitaji afike mbali. Nahitaji aniambie ukweli pale anapoishia."

Nikaketi. Ukazungusha tena mara chache, ukainua mkono, ukasema, "Inatosha."

Hukusema kwa kulia, wala kwa kuomba radhi. Ulisema kama mtu anayemwambia muuza sukari asiongeze tena. Daktari akatabasamu kwa mara ya kwanza toka tuingie. Akasema watu wengi hujikaza mpaka wazirai, wakidhani wanampendeza, na kipimo chao kinampa shida kukisoma. Alikusifu mbele yangu kwa kuacha. Katika maisha yangu yote sijawahi kusikia mtu akisifiwa kwa kuacha. Kwetu mtoto husifiwa kwa kumaliza palizi, kwa kufika na ndoo imejaa, kwa kutosema amechoka. Ndivyo nilivyolelewa kule milimani Mbulu, na ndivyo nilivyokulea. Nilikuangalia ukifutwa yale mafuta kifuani, unahema, macho yanang'aa, nikajivunia wewe kuliko siku yoyote ya matokeo ya mtihani. Hilo sijakuambia. Nakuambia sasa.

Ungedhani baada ya hapo nilipata akili. Wapi! Nilitoka kosa moja nikaingia jingine. Kwanza nilikuwa nakusukuma, sasa nikakufunga kamba. Ndoo nikabeba mimi. Sokoni nikakupeleka kwa pikipiki, kanisani kwa pikipiki, hata kwa jirani ambaye kuku wake wanalala kwetu. Baiskeli yako ile ya bluu niliikuta umeipangusa vumbi asubuhi moja, na jioni yake nikaitoa cheni nikaificha. Fundi baiskeli mzima, kuiba cheni ya mtoto wake! Ulipouliza nikasema nimeiazima kwa mteja. Iko kwenye kopo la grisi, kabati la chini, upande wa ukutani. Nadhani ulijua siku zote.

Daktari alikuwa amesema utembee, kwa kipimo, bila kukimbizwa. Mimi nilisikia neno la mwisho tu. Wewe ulilisikia lote. Ukaanza kutembea asubuhi, mpaka kwa Mama Happy na kurudi, kisha mbele ya hapo. Nilikuwa nakuchungulia kupitia mabati ya banda. Wiki za kwanza ulipochoka uliinama ukijifanya unafunga kamba ya kiatu, na viatu vyenyewe siku nyingine vilikuwa ndala. Nilicheka peke yangu, halafu nikatokwa na machozi kwenye grisi. Baadaye ukaacha kujifanya. Ulikuwa unasimama tu, katikati ya njia, mikono kiunoni, watu wanapita. Nilimsikia kijana mmoja wa bodaboda akikuuliza, "Mambo, dada, vipi, umepotea?" Ukamjibu, "Poa. Napumzika." Akaondoa pikipiki yake, ukaendelea kusimama mpaka uliporidhika.

Hicho ndicho ninachokuhusudu, mwanangu. Mimi nina miaka yote hii na bado nikichoka najifanya natafuta spana.

Tuliporudi Dar mwaka uliofuata walikulaza tena kwenye kitanda kile. Safari hiyo nilikaa mikono chini ya mapaja. Dawa zilikuwa zimefanya kazi, na miguu yako pia. Kila daktari alipoongeza uzito, upande ule wa kulia uliokuwa ukitanuka na kuchoka mapema ulijibu, ukakaza, ukasukuma. Hata mimi niliona, nikajifunga mdomo. Ulisema "inatosha" mbali zaidi ya pale pa kwanza. Daktari akatuambia hujapona, na huenda usipone, lakini moyo wako una akiba. Chuo uende, alisema, na kila baada ya muda urudi apime akiba hiyo imeongezeka au imepungua. Uliporuka kwa furaha akakukanya usiruke.

Sitakudanganya kwamba siogopi. Akiba inaweza kupungua, daktari mwenyewe hakutuficha. Kuna siku simu ikiita nafanya ishara ya msalaba kabla sijatazama ni nani. Nilifanya nilivyoweza kuikimbia hofu hiyo, na ndiyo iliyonituma kwenda Dareda kwa shangazi yako kumwomba amruhusu binti yake Restituta aende Dodoma kukaa na wewe. Akulindie, akubebee, anipigie mimi kila jioni. Sikukuuliza. Resti naye sikumuuliza sawasawa, alisema tu, "Poa, mjomba," akaanza kupanga nguo. Ulipolijua jambo hilo jana hukupaza sauti. Ulikuja bandani, ukaketi juu ya tairi, ukanitazama nikikaza spoku.

"Baba," ukasema, "hiyo baiskeli unairudisha lini?"

"Kesho."

"Bila kuijaribu?"

"Tangu lini nimerudisha baiskeli bila kuijaribu?"

"Basi na mimi nijaribu," ukasema. "Kesho nitakwenda kumuaga bibi Nangara kwa miguu, peke yangu, na kurudi. Usinifuate, usipige simu. Nikirudi salama, Resti anabaki kwao."

Ndivyo ulivyoniweka kwenye kiti hiki, na maharage ya mama yako yamekwisha kuchambuliwa mara mbili.

Nikuambie machache kabla hujatokea. Huko chuoni kuna mabweni ya ghorofa. Usisubiri waone unahema ngazini ndipo wakuhurumie. Siku ya kwanza nenda ofisini na cheti cha daktari, sema unataka chumba cha chini, useme kama ulivyomjibu Mama Happy. Utapata marafiki watakaokupenda, na watakaokupenda ndio watakaokupigia makofi: kaza Fausta, bado kidogo, tunakaribia kufika. Hawatakuwa na ubaya. Baba yako aliyefanya vilevile hakuwa na ubaya. Wacha wapige, wewe simama pale pako. Na watakuwepo wa kukuambia polepole ndio mwendo kila ukipiga hatua, mpaka utatamani kuwarushia kiatu. Hao wasamehe, mimi nilikuwa mwenyekiti wao. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilidhani methali hiyo ni ya wagonjwa tu. Kumbe ni ya wazazi pia. Nilikuficha kwa kukusukuma, kisha nikakuficha kwa kukubeba, na kote huko sikukuuliza unaishia wapi.

Jua limeanza kuegemea. Ulisema ungekuwa umesharudi. Mama yako ameacha kunitazama mimi, anatazama barabara, na mkono wake uko kwenye pindo la khanga. Sitapiga simu. Nimeahidi. Nimekwenda getini mara moja tu, na hapana, haikuwa mara moja.

Simu inaita. Ni wewe.

Fausta, sasa nimerudi, nawe umelala chumbani, miguu juu ya mto, mama yako anakukorogea uji. Naandika haraka kabla hujaamka. Nataka niandike ulivyosema, neno kwa neno, nisije nikasahau nikiwa mzee. Ulisema, "Baba, shikamoo. Njoo unichukue. Nimekaa kwa Mama Happy. Kichwa kimeanza kuwa chepesi pale mlimani, nikaona inatosha. Sijaanguka. Midomo haijabadilika, nimemuuliza." Mama yako alikuwa ameshafungua khanga kabla sijaomba ufunguo.

Nilikukuta kwenye benchi la duka, umenyooka, soda mkononi hujaigusa, nyumba ukiiona kabisa kutoka pale. Ulikuwa umekwenda Nangara, ukamuaga bibi, ukarudi njia karibu yote, likabaki pande dogo ambalo mimi nikiwa na umri wako ningelimaliza hata kwa kutambaa, ili nisichekwe. Ulipanda pikipiki. Njiani ukaniambia mgongoni, "Kwa hiyo nimeshindwa." Nikaongeza mwendo. Ulidhani nimekasirika. Nilikuwa nalia, na upepo ulikuwa unanisaidia.

Hukushindwa, mwanangu. Mimi ndiye niliyekupa kipimo kibovu. Nilikaa hapa mchana kutwa nikingoja kuona kama utafika, kumbe yule daktari mfupi aliniambia zamani nini cha kungoja. Mtu anayeweza kukaa kwenye benchi akiona geti la kwao, akachukua simu na kusema njoo, huyo hahitaji mlinzi. Ningekuwa na hofu kama ungefika hapa umejikaza.

Nimempigia Restituta. Amesema, "Poa, mjomba," na nimemsikia akicheka kwa furaha kabla hajakata. Cheni nimeitoa kwenye kopo, nimeirudisha mahali pake, baiskeli ya bluu nitaifunga gunia na kuipandisha mlima, itakungoja likizo.

Kesho begi utalibeba mwenyewe kwenda stendi. Nitatembea kando yako mikono mitupu, kwa mwendo wako, tusimame utakaposimama. Mpaka useme inatosha, sitaligusa.

Ni mimi baba yako,
Baba Gunia